Egemeo la Benchi la Toba

Kikao cha wazee wa kanisa kilikuwa na mambo matatu: choo kilichoziba, kipaza sauti kinachokoroma, na benchi. Choo kiliwachosha. Kipaza sauti kiliwagombanisha mpaka chai ikapoa vikombeni. Benchi lilipita bila mtu hata kukohoa. Liongezwe urefu, wakasema. Wasichana wamekuwa wengi, na Jumapili iliyopita wawili walibanana pale nyuma, wa tatu akasimama ukutani mpaka mwisho wa ibada na tumbo lake limetangulia, akawatia watu wasiwasi kwamba ataanguka.

"Siku hizi!" alisema mwenyekiti wa wazee, mwalimu mkuu mstaafu, na neno hilo akaliacha lielee hewani kama vile limemaliza kazi yote. Kisha akaanza kuhesabu lawama. Simu zina lawama. Nguo zina lawama, na muziki, na akina mama wasiokaa na binti zao wakaongea nao. Kila mzee aliongeza lake, vichwa vikatikiswa kwa huzuni ya kweli, maana hawakuwa watu wabaya wale. Walikuwa wanaumia kuona mabinti waliowabatiza wenyewe wakiacha shule mmoja baada ya mwingine. Lakini wavulana hawakutajwa hata kwa bahati mbaya. Ungedhani mimba ni mafua, mtu huyapata kwa kukaa penye upepo.

Macho yakamgeukia fundi seremala. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika zamani, wote walimwita Mzee Pima, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima ubao, akauzunguka, akaupima tena, ndipo ashike msumeno. Mkewe alisema hata sukari ya chai huisawazisha kijikoni kwa kidole.

"Litakuwa tayari Jumapili ya ubatizo?" mwenyekiti aliuliza.

"Litakuwa tayari," alisema Mzee Pima. Akakuna kidevu. "Ila naomba nilitie na egemeo."

Muuza vipuri, mzee mwenye utani usiojua wakati wake, akacheka. "Egemeo? Basi tuwawekee na feni kabisa, na soda!"

Mchungaji, kijana mpole aliyewaogopa wazee wake kidogo, alisema mwanamke mjamzito huumwa mgongo na yeye haoni ubaya. Likapita hilo nalo. Hakuna aliyemuuliza Mzee Pima kwa nini egemeo limemjia leo, wakati benchi lile alilitengeneza mwenyewe na limekaa miaka bila egemeo. Walijua wote, na ndiyo maana hawakuuliza.

Benchi la toba lilikuwa wazo la wazee wa zamani, lakini mkono ulikuwa wake. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia uzee wa kanisa, ana nguvu, ana sifa. Wakamwambia wanataka mahali pa wale waliotengwa na meza ya Bwana, mabinti waliobeba mimba bila ndoa, wakae hapo mpaka watakapojifungua, wasimame mbele ya watu, watubu, ndipo warudishwe kundini. Lisiwe la starehe, wakasema. Naye akafanya kazi ya kusifiwa: ubao mwembamba, miguu mirefu kidogo kuliko ya mabenchi mengine ili kisigino kisitulie vizuri sakafuni, na nyuma hakuna kitu. Aliyekaa pale alilazimika kujishikilia mwenyewe tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Kazi ya kuumiza nayo ina ufundi wake, na yeye alikuwa nao wote.

Tena tuseme kweli. Lilikuwa benchi la dhambi zenye tumbo tu. Mlevi hakulikalia, wala mwongo, wala mwenye nyumba ndogo mjini. Hata aliyempa binti mimba hakulikalia, kwa sababu yeye hakuna kilichovimba.

Halafu ikaja zamu ya nyumba yake.

Binti yake wa mwisho aliitwa Chiriku, na hilo jina alilipata kihalali. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na akiimba kwaya sauti yake ilipanda juu ya zote bila kusukumwa. Alipokuwa mdogo alikaa kwenye maranda ya mbao karakanani, akimsimulia baba yake mambo ya shule, naye akiitikia "mm" huku anapiga randa, na hayo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha. Alipofika miaka kumi na saba akanyamaza. Mama mtu alijua ndani ya wiki. Baba aliambiwa mezani, mchana, chakula kikiwa bado kwenye sahani.

Hakupiga kelele. Hilo watu walilisema baadaye kama sifa. Alinawa mikono, akavaa koti, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kabla mtu mwingine hajalipeleka neno. "Nyumbani kwangu hapafichwi kitu," alisema. Na mwenyekiti akamshika bega, akamwambia kwamba wazee wa namna yake wamebaki wachache. Alirudi nyumbani amenyooka. Chiriku alikuwa amekaa kizingitini akimsubiri, macho yamevimba, na yeye alimpita akaingia kuvua koti. Alikusudia kuzungumza naye baadaye, moyo ukipoa. Moyo ulipopoa aliona haya kuanza.

Kwa hiyo Chiriku akakaa kwenye benchi. Wengine walikuwa wakikaa mara mbili tatu kisha wanahamia kanisa la mtaa wa pili. Yeye hakukosa. Alikuja kila Jumapili, akakaa pale nyuma peke yake, na mpiga kinanda, kijana aliyehusika, akaendelea kupiga kinanda kama kawaida mpaka alipoondoka kwenda chuoni na kwaya ikamwimbia wimbo wa kumuaga. Chiriku aliusikia wimbo huo wote kutoka kwenye benchi la baba yake.

Viti vya wazee vipo madhabahuni, vinatazamana na watu. Mzee Pima hakuwa na namna ya kutomwona binti yake isipokuwa kutazama dari, na dari ile akaijua vizuri, kila ubao na kila fundo lake. Lakini mtu hatazami dari muda wote. Aliona jinsi alivyokuwa anaweka mikono miwili kiunoni mimba ilipokua. Aliona anavyohama kutoka tako hili kwenda lile. Fundi ndani yake alijua kabisa ni pingili gani ya mgongo inayouma na kwa nini, na mzee wa kanisa ndani yake akasema, kaa kimya, watasema umempendelea wako.

Jumapili moja mama mtu akaja na mto. Mto mdogo tu, wa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye mapazia. Akauweka kwenye benchi bila kumwomba mtu ruhusa, akamkalisha binti yake, akaenda kukaa na wanawake wenzake mbele. Minong'ono ikaanza. Baba mmoja, ambaye binti yake alikaa hapo mwaka uliotangulia bila mto, alikunja uso waziwazi. Wakati wa matangazo Mzee Pima akainuka. Akashuka, viatu vyake vikisikika kanisa zima, akaenda mpaka nyuma. Chiriku akamwona anakuja. Akasogea kidogo pembeni, akajiinua. Mzee Pima akauvuta mto, akaukunja kwapani, akarudi kwenye kiti chake. Alishukuru moyoni kwamba binti hakumbishia mbele ya watu. Hata alinisaidia, alimwambia mkewe siku ile, alijiinua mwenyewe ili niuchukue.

Mkewe aliuchukua ule mto, akauweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mumewe angeuona kila akinywa chai.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, na Chiriku akakataa kusimama mbele ya watu. Hakusema kwa ukali. Alisema amechoka, anakwenda kwa shangazi kupumzika. Shangazi, dada yake Mzee Pima, alikuwa na saluni mji wa pili, na mapumziko hayo hayakwisha. Chiriku akajifunza kusuka. Mama mtu alikuwa akienda, anarudi na habari: mtoto amekaa, mtoto ameota jino, mtoto anaita kila mwanamume baba. Mzee Pima alisikiliza akisugua msasa kwenye kitu ambacho tayari kilikuwa laini.

Kuna siku akajikaza. "Mwambie arudi nyumbani," alimwambia mkewe. "Mwambie mimi ndiye nimesema."

Jibu lilikuja kwa mdomo wa mama vilevile. "Amesema atakuja kanisani Jumapili ya ubatizo. Atakuja aone. Akiona ni kwema, mizigo yake itafuata, na mtoto atabatizwa hapa. Akiona si kwema, tusimwite tena." Kisha akaongeza, kwa upande wake: "Hiyo ndiyo nafasi yako, baba watoto. Sidhani kama iko nyingine."

Hiyo ndiyo sababu ya egemeo.

Alilileta benchi karakanani kwa mkokoteni, akafunga mlango asisumbuliwe. Hakuwahi kufanya kazi kwa moyo ule. Alitafuta mbao ngumu alizokuwa amezihifadhi za kabati lake mwenyewe. Miguu akaifupisha ili kisigino kitue. Ubao wa kukalia akaupanua, akaulaza kidogo kwa nyuma. Na egemeo! Alilipima kwa mgongo wa mkewe, ambaye alisimamishwa katikati ya maranda na upawa mkononi, akaambiwa asipumue.

"Chiriku ana mgongo kama wako," alisema, akiandika kwa penseli ukutani.

"Ana mgongo kama wangu," mama mtu alikubali. Akatazama benchi. "Mbona refu hivi?"

"Wazee wamesema liongezwe. Wasichana wako watatu sasa, na yule wa mshona viatu ndiyo anaingia."

"Yule mtoto? Si juzi tu alikuwa anakimbia pekupeku hapa nje?"

"Miaka kumi na tano."

Mama mtu akakaa kwenye gogo. Alikuwa mwanamke wa sala, hakuwahi kukosa mkesha, na mimba ya binti yake ilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu. "Mimi sisemi dhambi si dhambi," alisema taratibu. "Nilimwambia Chiriku hivyohivyo, nikalia naye. Alitubu akiwa jikoni kwangu, amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, hata mchungaji hakuwepo. Mungu alikuwepo. Sasa niambie. Bwana Yesu aliyemwaga damu, unafikiri bado alikuwa anadai akakae kwenye benchi?"

"Utaratibu ni wa kanisa, si wangu."

"Na akikaa hapa Jumapili, wewe utakuwa wapi?"

Mzee Pima akashangaa swali. "Kwenye kiti changu. Wapi tena?"

Mkewe aliinua upawa wake kama anayetaka kusema jambo, akaushusha. "Mwambie neno, baba watoto. Nakuomba. Mbao hazisemi."

"Mimi mdomo wangu mzito, unanijua."

"Nakujua," alisema, akaenda kuutazama mchuzi wake.

Lakini neno alilitafuta, tusimwonee. Akipaka vanishi alilijaribu kwa sauti ndogo, akiliambia benchi: Karibu nyumbani, mwanangu. Nilikosea. Nisamehe. Alilirudia mpaka likatoka bila kukwama. Benchi likakauka, likang'aa rangi ya asali, halina msumari hata mmoja, kila ulimi wa ubao umeingia kwenye tundu lake ukatulia. Akalikalia kulijaribu, akaegemea, akafumba macho. Hata kiti cha mwenyekiti wa wazee hakikuwa na raha ile. Akatabasamu peke yake karakanani, akijua sasa mambo yatakwenda sawa.

Jumapili ilipofika, Mzee Pima alikuwa mlangoni, zamu yake ya kupokea watu, suti imepigwa pasi mpaka inakata. Pikipiki ikasimama nje ya ukuta. Chiriku akashuka, dereva akabaki pale pale akisubiri. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimesukwa vizuri, na mtoto mkononi amevalishwa gauni jeupe ambalo bila shaka shangazi ndiye alilishona, maana lilikuwa na madoido kupita kiasi. Alipomwona baba yake alisita. Kisha akacheka, kile kicheko cha zamani, akaja mbio kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba mwanangu."

"Huyu ndiye babu," alimwambia mtoto. "Umeona? Nilikwambia ana masikio makubwa." Akamweka mikononi mwake bila kuuliza. Mtoto akamtazama Mzee Pima, akamshika tai, akajaribu kuila.

Wakati wenyewe ulikuwa huo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na binti amesimama mbele yake akimtazama usoni, anasubiri, na watu waliokuwa wanaingia walipita pembeni kwa adabu. Lingetoka hapo lingetosha. Lakini aliona haya tena, haya ileile, na mikono yake ilikuwa na kitu kizuri zaidi cha kuonyesha.

"Njoo," alisema, "njoo uone nilichokutengenezea."

Akatangulia na mtoto begani, amevimba kichwa kama bwana harusi, akampeleka mpaka nyuma kabisa, upande wa kushoto, chini ya dirisha. Binti wa mshona viatu alikuwa amekwisha kukaa pale peke yake kwenye benchi refu, na viatu vyake vya shule. Wale wengine watatu hawakuwa wamefika bado.

Chiriku akasimama. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Limekuwa refu," alisema.

"Wazee walisema liongezwe. Lakini tazama egemeo! Pitisha mkono. Hiyo mbao ilikuwa ya kabati langu. Nimelipima kwa mgongo wa mama yako."

Alipitisha mkono kweli. Aliupitisha mpaka mwisho wa ubao na kurudi. "Zuri," alisema. "Kwa hiyo mimi na mtoto tukae hapa."

"Ni leo tu. Mchungaji ameahidi. Utasimama dakika moja, utatubu, utarudishwa kundini, na mtoto anabatizwa. Halafu tunakwenda nyumbani. Safari hii mgongo hautauma, mwanangu."

"Baba, mgongo uliacha kuuma nilipojifungua."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Mzee Pima. Binti wa mshona viatu akainamisha kichwa akitazama viatu vyake, kwa vile hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Unakumbuka siku ulipokuja kuchukua mto?" Chiriku aliuliza.

"Nakumbuka. Hukunibishia. Ulijiinua mwenyewe."

"Nilisogea." Aliondoa mkono kwenye egemeo. "Nilikuona unashuka kutoka kule juu, unakuja kwangu mbele ya watu wote. Nikasogea nikupe nafasi. Nilidhani unakuja kukaa na mimi."

Mbele kabisa mchungaji akakigonga kipaza sauti, kikakoroma. "Na tuombe," alisema.

Kanisa zima likasimama, vichwa vikainama. Chiriku akanyoosha mikono akamchukua mtoto wake. Alilazimika kuzifungua ngumi za mtoto kwenye tai, kidole kimoja kimoja. Akamgusa bega binti wa mshona viatu, kidogo tu, akageuka kwenda mlangoni.

Sasa, Mzee Pima alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na mzee wa kanisa hatembei wakati wa maombi. Hilo aliwafundisha watoto wa watu, na wake mwenyewe, wengine kwa kuwafinya masikio. Mwili wake ulisimama wenyewe. Mikono ikafumbatana, kichwa kikainama, ila macho hayakukubali kufumba. Alimwona binti yake akitoka, akipotelea kwenye mwanga wa mlango. Mchungaji aliwaombea wagonjwa. Aliwaombea wasafiri, na viongozi, na vijana wa kanisa hili, Bwana uwalinde na mitego ya siku hizi. Nje pikipiki ikawaka. Kimbia, alijiambia, kimbia mzee mzima wewe, Mungu mwenyewe ataelewa. Akasubiri Amina.

Ilipokuja Amina alikimbia. Alifika ukutani, tai imelowa mate ya mtoto, na barabara ilikuwa na vumbi lake tu likitua. Nyuma yake akasikia hatua. Mkewe alikuwa ametoka, viatu vya ibada mkononi, na kanga ya begani inaburuza. Alimtazama mara moja kisha akampita, akashika barabara upande wa kituo cha magari akitembea peku haraka haraka.

"Mama watoto," aliita.

Hakugeuka.

Mzee Pima hakujua pa kwenda. Nyumbani hapakuwa na mtu. Akarudi ndani kwa mlango uleule. Mbele, muuza vipuri alimpungia mkono aje, ibada inaendelea, sadaka inakaribia, kiti chake kiko wazi. Miguu ikamgomea. Akakaa palipokuwa karibu, na palipokuwa karibu palikuwa benchi.

Alikuwa hajawahi kukaa pale watu wakiwepo. Fundi hujaribu kiti chake karakanani. Kutoka pale nyuma aliona visogo tu, safu kwa safu, hakuna uso hata mmoja uliomgeukia. Nyuso pekee zilizoonekana zilikuwa za wazee, kule juu, zinatazama huku. Na katikati yao kiti chake, kitupu, kinamtazama moja kwa moja. Kumbe kilikuwa kinatazamana na benchi hivyo. Miezi yote ile Chiriku alikuwa anauangalia uso wa baba yake, na baba yake anaangalia dari.

Kwaya ikaanza kuimba. Palikosekana sauti ya juu, na tangu lini ilikuwa inakosekana hakuwahi kujiuliza. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha.

Binti wa mshona viatu alikuwa akimwangalia kwa jicho la pembeni. Mtoto aliyelelewa vizuri huona vibaya kumwacha mtu mzima akilia peke yake, basi akatafuta jambo jema la kumwambia. Akasogea. Akampa nafasi zaidi ubaoni.

"Asante kwa benchi, baba," alimnong'oneza. "Dada mmoja alinitisha kwamba linaumiza. Lakini hili ni zuri. Mtu anaweza kukaa hata mwaka mzima."

Akaegemea, kumwonyesha.